Kaka, ile simu bado naisikia

Shikamoo kaka. Ningekupigia ila tukipigiana tunaishia palepale, bora niandike.

Najua bado unasema nilimchelewesha mzee. Ulitaka mionzi ianze wiki ileile, mi nikasaini kemo kwanza, zile dawa kali za kuua kansa, pamoja na dripu ya kinga, mizunguko mitatu, kila wiki tatu mara moja. Uvimbe ulikuwa kwenye sanduku la sauti kaka, na daktari alisema wazi, tunaupiga kwanza, ukinywea vizuri tunaenda kwenye mionzi na koo linabaki, usiponywea ni kisu na sauti ndo basi tena. Kuanza na kemo si jambo la jana, kuna utafiti wa Marekani wa 1991, wagonjwa 332, waliotangulia na kemo kisha mionzi na waliokatwa moja kwa moja, baada ya miaka 2 pande zote waliokuwa hai ni asilimia 68, ila wale wa kemo asilimia 64 walibaki na koo lao. Kilichoongezeka ni hiyo ya kinga, kansa huwa inawafunga breki askari wa mwili, dawa inaifungua. Kuitoa kabla ya mionzi bado wanaichunguza, nilijua, unadhani nililala?

Na ndiyo, nilisaini bila kukuuliza. Simu yako ilikuwa imezimwa siku mbili, ningemuuliza nani?

Ila ile ya mzunguko wa pili sijaimeza. Nikaweka spika mzee asikie salamu yako, beseni liko mapajani, katoka kutapika, we unafoka "mnamfanya panya wa majaribio baba yangu". Baba yako. Mi wangu yuko wapi? Sauti haikutoka, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya miadi: mwambie asipige kelele, masikio yanavuma. (Ni ile sisplatini, dawa ya kemo, inavuruga masikio.) Mi nikakwambia "baba anakusalimia".

Kamera ikaonyesha uvimbe umenywea zaidi ya nusu. Mionzi akapiga mara 35, wiki saba, kichwa kimebanwa na lile barakoa la wavu, hakukosa hata siku moja. Hukupiga.

Unakula vizuri lakini? Usikae na hasira tumboni kaka, zinazeesha.

Sauti anayo, imekwaruza kama bawaba kavu, ila ni yake. Kila jioni anauliza, "kaka yako kasemaje?" Namwambia anakusalimia. Nimechoka kutunga salamu zako.