Rafiki wa mahakama: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mmefika kwenye amicus curiae. Katika Kilatini chote mnachokaririshwa huko chuoni, hiki ndicho ningependa ukielewe barabara. Amicus ni rafiki, na lina undugu na amare, kupenda. Mhispania alirithi amigo, Mwitaliano amico, Mfaransa ami. Curiae ni “wa mahakama”.

Rafiki huyu hana upande. Kazi yake ni kumwonyesha jaji sheria au utaalamu ambao mawakili wa pande zote mbili hawakuugusa. Nilipokuwa karani wa mahakama nilipokea maandishi mengi ya namna hiyo, na yale ya kweli niliyajua mapema: yalikuwa membamba, hayamsifu mtu wala kumponda mtu. Mengine yalikuja mazito, na ukiyafungua unakuta hoja zilezile za mlalamishi, aya kwa aya, jina la wakili tu ndilo limebadilika. Yaliniudhi sana, maana jaji alipotezewa muda na wananchi walikuwa wakingoja kwenye benchi nje tangu asubuhi.

Kwetu Kenya jambo hili limo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 22 kinaruhusu shirika au mtu mwenye utaalamu maalumu kufika kortini kama rafiki wa mahakama, kwa idhini ya korti. Hapo kwenye idhini usipite mbio. Urafiki huu huombwa, na korti inaweza kukataa. Mwaka 2015, katika kesi ya Trusted Society of Human Rights Alliance dhidi ya Mumo Matemo, Mahakama ya Juu iliweka masharti: abaki kwenye hoja za sheria, asiegemee upande, aje kwa wakati, alete jipya. Uusome uamuzi huo wote, usitegemee muhtasari wa wenzako.

Marekani wamelegeza. Katika Mahakama yao ya Juu, jalada la maandishi hayo hutaja anayeungwa mkono, kama yupo. Mimi naona heri msimamo wetu.

Sasa umesema katika kesi yenu ya mazoezi wewe ndiwe amicus, na wakili wa mlalamishi ni sahibu yako wa bwenini. Basi rasimu yako asiione kabla hujaiwasilisha. Nitumie mimi, niipitie kwa kalamu nyekundu.

Mamako