Mama mdogo wa Heidi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji, mama na watoto. Sisi huku hatujambo. Najua unangoja nikutajie tarehe ya safari ya binti yetu kuja kukaa kwangu. Sijaipanga bado, na kilichonizuia ni kitabu cha watoto. Tafadhali usinikasirikie kabla hujaimaliza barua.

Kitabu kinaitwa Heidi. Kiliandikwa kwa Kijerumani na Johanna Spyri, mama wa Uswisi. Sehemu ya kwanza ilitoka 1880, ya pili 1881. Wengi hukisoma utotoni. Mimi nimekutana nacho na utu uzima huu, kwa sababu mwanangu alikiazima maktaba akataka nimsomee kabla ya kulala. Usiku wa tatu usingizi ulimchukua katikati ya ukurasa. Nikaendelea peke yangu mpaka saa nane.

Heidi ni yatima. Baba yake aliangukiwa na boriti, na mama yake akamfuata baada ya wiki chache. Mtoto akabaki mikononi mwa Dete. Lugha ya huku ina neno moja tu la kumwita shangazi, mama mdogo na mke wa mjomba, kwa hiyo mwanzoni nilimpita Dete bila kumtazama. Kisha nikatambua kwamba ni mdogo wake mama Heidi. Mama mdogo hasa, kama nilivyo mimi. Tangu hapo sikuweza kumsoma kama mtu baki.

Dete anapata kazi nzuri Frankfurt, basi anampandisha mtoto wa miaka 5 mlimani na kumwacha kwa babu yake, mzee asiyeelewana na kijiji kizima. Ungetegemea mtoto ateseke, lakini ananawiri. Analala darini juu ya nyasi kavu, mchana yuko malishoni na Peter mchunga mbuzi, na humtembelea bibi yake Peter, ambaye ni kipofu. Miaka mitatu baadaye Dete anarudi. Amempatia nafasi kwenye nyumba ya tajiri mmoja wa Frankfurt, Bwana Sesemann, akawe mwenzake Klara, msichana wa miaka 12 asiyeweza kutembea.

Sura hiyo nimeisoma mara tatu. Mtoto hataki kuondoka. Dete anamwambia kwamba asipopapenda atarudi, tena upesi. Heidi anaposikia hivyo anawaza mikate laini atakayomletea yule bibi, maana mkate mgumu humshinda kutafuna, na sasa yeye mwenyewe ndiye anayekaza mwendo. Anataka kuingia amuage bibi. Dete hamruhusu, anamvuta mkono, watachelewa.

Dada, maneno hayo niliyasema mimi. Binti yetu aliponiuliza kwenye simu atakaa kwangu siku ngapi, nilimjibu, "Ukichoka utarudi." Ulikuwepo, ulinisikia. Mimi na wewe tunajua kwamba safari tunayoipanga ni ya miaka.

Dete si mtu mbaya. Hilo nadhani nisingeliona kama ningekisoma nikiwa mdogo. Ningemchukia tu, nikafunua ukurasa. Alimlea mtoto wa dada yake tangu akiwa wa mwaka mmoja, huku yeye mwenyewe akiishi kwa utumishi, na Frankfurt aliona nafasi ambayo kijiji kisingeitoa kamwe. Kosa lake ni kuificha safari ilivyo.

Kule mjini Heidi hapigwi wala halali njaa. Klara anampenda. Lakini anapanda mnara wa kanisa akitarajia kuiona milima, anaona mapaa na mabomba ya moshi. Mikate ya bibi anaiweka akiba kabatini siku baada ya siku, mpaka Bi Rottenmeier, msimamizi wa nyumba, anaamuru itupwe. Bi huyo huyo anamweleza kwamba kutaka kwenda kwao ni utovu wa shukrani. Tangu siku hiyo mtoto anajizuia. Analia usiku tu, uso ameuzamisha kwenye mto ili asisikike.

Kisha nyumba inaingiwa na hofu. Kila asubuhi mlango wa mbele unakutwa wazi, na watumishi wanasema ni mzimu. Bwana Sesemann na rafiki yake daktari wanakesha. Wanayemkuta mlangoni ni Heidi, kavaa gauni la kulalia, miguu mitupu, anatembea usingizini. Daktari anamuuliza alikuwa akiota nini. Anasema kila usiku huota yuko kwa babu, anasikia upepo kwenye misonobari, anakimbia kufungua mlango azione nyota; akiamka yuko Frankfurt. Hapo nilikiweka kitabu chini, nikaenda kumfunika mwanangu ingawa alikuwa amefunikwa.

Dawa ya daktari ni moja: arudishwe kwao kesho. Dete anaitwa ampeleke, anatoa udhuru. Mtumishi ndiye anayemsindikiza.

Usidhani Spyri aliutunga ugonjwa huo wa kutamani kwenu. Mwaka 1688, huko huko Uswisi, Johannes Hofer aliwasilisha mjini Basel tasnifu ya utabibu juu yake, akauundia jina, nostalgia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, kurejea nyumbani na maumivu.

Sehemu ya pili, ambamo Klara anapanda mlimani na kuanza kutembea, haikunigusa sana. Ila Frankfurt haikuwa hasara tupu, na hili nalisema kwa haki. Ni huko Heidi alikojifunza kusoma, kwa wema wa bibi yake Klara, na aliporudi akamsomea yule bibi kipofu nyimbo zake za dini. Kwa hiyo siombi tufute safari.

Naomba hivi. Mkalishe binti yetu mkiwa wawili tu, umwambie ni miaka mingapi. Muulize anataka nini, na akinyamaza usichukulie kwamba amekubali. Akija, awe amemuaga kila mtu anayemtaka, bila kuharakishwa. Nami sitamkataza kulia wala sitamhesabia shukrani. Ikibidi kurudi, nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu, sitamtuma mtu.

Nakutumia nakala ya kitabu pamoja na barua hii. Msomee hadi pale mlango unapokutwa wazi, umwache aseme yeye ni nani anayeufungua. Kisha niandikie alivyojibu, neno kwa neno. Tiketi sitaikata mpaka nipate barua yako.

Nisalimie mama.

Mdogo wako