Waraka Chini ya Kawa: Salamu za Idi kutoka Lamu

Jamaa zangu, majirani, mlioko hapa mjini na mlioko mbali, Assalamu alaykum.

Wabaadahu, Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na visomo, na zile pishi za fitri tulizotoa, hata zile tulizozipima mara mbili tusije tukazidisha. Waliotutangulia awarehemu, wagonjwa awaponye, na sisi atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na meno ya kutafunia visheti. Mfungo Mosi ndio huu umeingia. Anayefunga sita zake namwombea wepesi. Mimi bado najishauri.

Salamu hizi zimechelewa siku tatu, na sababu ninayo.

Usiku wa kuandama mwezi, takbiri hazijapoa msikitini, simu ilikuwa ishaanza. Mwezi wa dhahabu, kandili mbili, msikiti wa nchi nisiyoijua. Picha ile ile moja ilinifikia kutoka kwa watu kumi na mmoja. Siwacheki. Mwaka jana nilifanya hayo hayo: nikachagua majina yote yaliyomo kwenye simu, nikabonyeza mara moja, nikalala. Asubuhi nikakuta jibu la fundi wa mabomba: "Amin, nawe pia. Ila ile hesabu yangu bado."

Basi mwaka huu, kumi la mwisho lilipoingia, nilinunua daftari dukani Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikazikata karatasi nne nne kwa mkasi wa kushonea, na kila usiku baada ya tarawehe nikawa naandika mbili, tatu. Siku ya Idi kila sahani ilitoka na karatasi yake chini ya kawa, kile kifuniko cha ukindu, mtoto wa kaka akizipeleka vichochoroni na kubana ukutani kupisha punda. Ya Matondoni ilikwenda na mashua. Ya Mombasa nilimpa abiria wa basi aliyekuwa anavuka kwenda Mokowe, kama wazee wetu walivyowapa manahodha wa majahazi.

Hayakuwa mashairi. Kwa jirani niliandika: "Nakusikia unavyokohoa usiku. Tangawizi imo pembeni ya sahani." Basi.

Lakini raha niliyoipata, sikuitarajia. Kwenye simu maneno hutangulia, mtu utamtafuta baadaye. Karatasi inaanza na jina. Niliandika "Kwa shangazi yangu", kalamu ikasimama. Nina nini cha kumwambia shangazi? Nikakumbuka baraza ya Kipungani, mimi na miaka minane, yeye ananifunza kusuka ukindu, na kila nikikosea anaufumua mkeka mzima kwa taratibu kabisa, hasemi neno, anaanza kuimba. Nilikuwa nikiuchukia wimbo ule! Nikacheka peke yangu. Mume wangu akauliza kutoka chumbani, unacheka na nani. Nikamjibu, na shangazi. Shangazi wakati ule alikuwa amelala kwake Kipungani, hana habari. Mistari mitatu tu, na kahawa yangu ilipoa.

Hapa mjini iko nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani. Waliifungua 1888, walipokuwa na mambo yao ya Witu, usultani wa bara hapa karibu, na 1891 ikafungwa. Leo ni makumbusho. Ukipita pale unadhani barua ni kitu cha masafa, cha watu waliotenganishwa na bahari. Mimi humfikiria Mwana Kupona, yule mtunzi wa utendi, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita bintiye asogee karibu, aje na wino na karatasi. Binti yuko nyumba hiyo hiyo! Angeweza kumwambia kwa mdomo na yakaisha. Akataka yaandikwe. Nami kwa jirani yangu tumetengwa na kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hugeuza bega. Sauti yangu akiisikia hadi jikoni kwake. Kile kikaratasi cha tangawizi, naambiwa, amekibandika kwenye kabati la vyombo.

Kwetu, mnajua, sahani hairudi tupu. Kumbe na waraka ni vivyo hivyo. Zimerudi na halua, na kaimati, na majibu: mengine nyuma ya risiti ya duka, jingine kwenye ganda la pakiti ya majani ya chai. Bibi mmoja wa Mkomani, ambaye shule hakwenda, chuo cha Kurani tu, aliniandikia Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kwa herufi za Kiarabu, zile alizotumia Muhamadi Kijuma, fundi wetu wa milango na wa hati, aliyefariki 1945 na nyaraka zake zikahifadhiwa London. Tulikaa na mama mkwe karibu saa nzima. Katika mwandiko ule wa kale herufi moja tu hubeba b, na p, na mb. Mama mkwe akasoma "bata". Sikumpelekea mtu bata. Nikasoma mimi, "mbata", tukatazamana. Mwisho tukaelewana kuwa ni "pata", na kwamba chini yake ameniita: ndoo, yaani njoo, usikae mno. Nitakwenda kesho, inshallah, na miwani ya mama mkwe nitaiazima.

Waraka mmoja niliuandika mara nne.

Idi hii tunaombana radhi, ni desturi njema. Nami kila mwaka nilikuwa natuma ile ya kila mtu: nisamehe kama nimekukosea. Lile "kama" linafanya kazi kubwa sana. Linakuwezesha kuwaomba radhi watu mia mbili bila kumkumbuka hata mmoja. Nilipofika kwa rafiki yangu huyu, tuliyesoma naye na kuolewa mwaka mmoja, tukaja kununiana kwa neno nililolisema mimi kwenye harusi ya watu, niliandika "kama nimekukosea" na mkono ukagoma. Mwandiko ni wangu, ananijua, atasoma na kunisikia. Kama vipi? Nililisema. Watu walisikia. Nikaichana. Ya pili ilijaa sababu zangu, nayo nikaichana. Ya tatu ilikuwa nzuri mno, kama hotuba. Ya nne ina mistari miwili: nilichokisema, na kwamba nilikosa. Nikaikunja, nikaiweka chini ya kawa juu ya vileja, na mtoto wa kaka nilimwambia abishe hodi, asiache mlangoni.

Watoto tumewapa mkono wao wa Idi, wameshaumaliza kwa barafu na vipira. Nyinyi mliobaki wangu ni huu, na kama mwandiko hausomeki, laumuni usingizi wa daku.

Sahani zangu tatu bado ziko huko nje. Mbili ni za bati, najua ziliko. Ya tatu ni ya udongo, ina maua ya buluu ukingoni. Hiyo siidai. Asubuhi tu nikifagia baraza, hutazama upande ule wa kichochoro.

Wasalaam, ni mimi wenu, wa Langoni.