"Injini yake haifi": soma hapa kabla hujanunua pikapu ya zamani ya Kimarekani

Karibu kila wiki mtu anaingia gerejini kwetu hapa Texas na picha kwenye simu. Pikapu ya 1978, au ya 1984, rangi imepauka, bei inavutia, na muuzaji ameandika maneno yale yale: injini yake haifi. Swali nalo ni lile lile: "Fundi, hii si ndiyo zile zisizokufa?" Wengi wanaouliza ni ndugu zetu wa Kongo, Kenya na Tanzania wanaoanza kazi ya kukata majani au kuhamisha watu vyombo, na pesa waliyonayo inatosha gari moja tu. Jibu refu ninalowapa ndilo hili.

Injini hizo hufa. Kinachozipa sifa ni kwamba zinafufuka kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Angalia Ford 300, ile ya silinda sita kwenye mstari mmoja, iliyotengenezwa kuanzia 1965 hadi 1996. Bloku yake ni chuma kizito cha kusubu. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imekaa juu ya beringi saba, kwa hiyo kila pistoni ina beringi kulia na kushoto kwake. Haina mkanda wala cheni ya taimingi. Krenki inazungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu, gia kwa gia. Halafu haihitaji kukimbizwa, kwa kuwa inavuta mzigo vizuri hata ikiwa kwenye mizunguko chini ya 2,000 kwa dakika. Ndiyo maana UPS walikuwa nayo kwenye magari yao ya vifurushi kwa miaka mingi, na wakulima wakaifunga kwenye pampu za kumwagilia. Ukifungua boneti unaona mpaka lami chini, na mkono unafika kila bolti. Ila hiyo gia ya kamshafti kwenye pikapu nyingi si ya chuma, ni ya faiba iliyogandishwa kwa gundi ngumu, na ikizeeka meno yake hukatika. Siku ikikatika injini inazima hapo hapo barabarani. Unanunua ya chuma, unafunga, unaendelea na kazi.

V8 ya Chevrolet, injini ya silinda nane iliyoanza 1955 na kuzaa ile maarufu ya 350 mwaka 1967, ina hadithi nyingine: spea. Gasketi, pampu ya maji, pistoni, tapeti, vyote unavipata bila kuagiza mbali. Silinda zikilika, zinachongwa inchi 0.030 na kuvishwa pistoni kubwa kidogo, na bloku inaanza maisha upya. Baadhi ya injini za leo zina kuta za silinda nyembamba zilizopakwa utando mwembamba tu wa chuma, na huwezi kuzichonga hivyo.

Chrysler nao walikuwa na silinda sita iliyolazwa kwa nyuzi 30, ya tangu 1960. Beringi za krenki nne tu! Lakini krenki yenyewe nene na fupi, na ikadumu. Kwa hiyo ukisikia mtu anahesabu beringi kijiweni, mwache ahesabu.

Sasa upande wa pili, ambao muuzaji hauandiki. Ukikutana na bibi wa miaka mia moja huwezi kusema watu wa enzi zake walikuwa hawafi. Chevrolet Vega ya 1971 ilikuwa na bloku ya alumini isiyo na slivu za chuma ndani ya silinda. Ilichemka na kula oili mpaka ikawa kichekesho. Injini ya dizeli ya Oldsmobile ya 1978 ilipasua gasketi za silinda hedi kwa sababu bolti zake zilikuwa chache mno kwa mgandamizo wa dizeli. Hizo hakuna anayeniletea picha zake, zilishayeyushwa zamani.

Hata zile nzuri hazikwenda maili nyingi kama unavyosimuliwa. Geji ya maili kwenye magari mengi ya Kimarekani hadi miaka ya 1980 ilikuwa na tarakimu tano: ikifika 99,999 inarudi sifuri. Pikapu inayoonyesha 48,000 inaweza kuwa na 148,000 au 248,000, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Waliotengeneza hawakuona haja ya tarakimu ya sita, na walikuwa na sababu. Kabureta asubuhi ya baridi, choki ikiwa imefungwa, inamwaga petroli kuliko inayoungua. Ile inayobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kuchanganyika na oili chini. Ringi zinasaga kavu kila siku. Ford 300 ilipowekewa injekta badala ya kabureta mwaka 1987, injini ni ile ile ila silinda hazikulika tena kwa kasi hiyo. Ukiniuliza mimi, kati ya mbili zinazofanana chukua ya injekta, hata kama ya kabureta inang'aa zaidi.

Tatizo tunalolipokea mara nyingi zaidi linatoka kwenye oili. Mzee mmoja alituletea Chevrolet ya 1976 yenye 350. Alikuwa amebadilishiwa kamshafti kwingine, wiki chache baadaye injini ikaanza tik-tik-tik upande mmoja na kuishiwa nguvu mlimani. Tulikata chujio la oili, tukaikunjua karatasi yake chini ya taa. Kwenye kila mkunjo kulikuwa na vumbi la kumeta kama magamba ya dagaa, na sumaku ilipopita likasimama lote. Tulipochomoa kamshafti, nundu moja ilikuwa imesagika mpaka imekaribia kuwa duara.

Tapeti za injini hizo, vipande vinavyosukumwa na nundu za kamshafti ili valvu zifunguke, ni bapa, zinasugua nundu moja kwa moja bila rola. Kinga yao ni kiambato cha zinki na fosforasi ndani ya oili. Kiwango cha oili kilichotoka 2004 kilipunguza fosforasi kwa sababu inaharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na oili nyepesi za rafu za dukani zimefuata hapo. Kwa gari lako la kisasa ni sawa kabisa. Kwa kamshafti mpya ya tapeti bapa ni hatari, tena aliyemfungia mzee aliiacha injini ingurume taratibu bila kukanyagwa mafuta baada ya kuiwasha. Kamshafti ya namna hiyo inatakiwa kushikiliwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 tangu inapowaka mara ya kwanza, ili oili iirukie vya kutosha. Tukikufungia sisi, tunakupa na jina la oili ya kutumia, limeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Usikibandue.

Ukiwa umepata pikapu unayoitaka, tunakuja nawe kwa muuzaji kuikagua kabla hujatoa hata dola moja. Tunatoa plagi zote na kupima kompresheni, yaani mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ya juu. Tunafunga geji yetu ya presha ya oili, maana ya kwenye dashibodi hatuiamini: injini ikishapata moto tunataka angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Halafu tunatazama moshi. Wa bluu unaotoka ikiwashwa tu na kupotea ni sili za valvu, kazi ya siku moja. Wa bluu unaokufuata kila ukikanyaga mafuta ni ringi, na hapo bei ya muuzaji lazima ishuke sana, au tuondoke.

Moshi ule wa kwanza unaonekana injini ikiwa baridi tu. Kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe mpaka tufike. Kabla sijamsalimia vizuri nitakuwa nimeshaweka mkono kwenye ekzosi.