Mabati ya kanisa hayalipi deni la darasa

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu tulipoagana kwenye simu usiku ule nimeshindwa kukupigia tena. Si hasira. Kila nikishika simu naona kabisa tutaulizana habari za mvua na watoto, na lile jambo litalala. Bora niandike. Jina lako silitaji, wala halmashauri unayofanyia kazi. Naiweka barua hii wazi kwa sababu wenye mzigo kama wako ni wengi, na dada zao wamenyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Uliniambia habari ya bahasha ya mzabuni aliyejenga lile darasa: "Dada, mimi sikuomba. Mzabuni alileta mwenyewe, baada ya kazi. Ile ni asante."

Neno hilo limenikosesha usingizi. Rushwa tumeipa majina mengi mazuri: chai, soda, mboga, nauli, bahasha. Hata sheria iliwahi kuipa jina zuri. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, wagombea wakaruhusiwa kutoa takrima, eti ni ukarimu wetu wa asili, na ikabaki hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Wazee wetu wa TANU, chama kilichopigania uhuru, walikuwa na ahadi fupi: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Angalia kitenzi walichokichagua. Hawakuahidi kutoomba. Waliahidi kutopokea.

Halafu tujiulize ile asante ilitoka wapi. Mzabuni hakuitoa mfukoni mwake. Ama aliipandisha kwenye bei ya saruji kabla hujasaini, ama aliipunguza kwenye nondo na kokoto baada ya kusaini. Ulisema kazi imefanyika, darasa lipo. Nililiona, mdogo wangu. Nilipokuja mwezi wa saba ulinipitisha pale shuleni kwa fahari, na mimi nikashangaa sakafu mpya kuchimbika namna ile, watoto wa darasa la pili wakisogeza madawati kukwepa mashimo. Nilidhani ni fundi mbovu. Leo najua kwamba sehemu ya sakafu ile ilikuwa kwenye bahasha yako.

Kanisani kwetu majuzi tulihubiriwa mmomonyoko wa maadili, karibu saa nzima: sketi za mabinti, simu, nyimbo za vijana. Mimi ni mama wa binti, siyadharau hayo. Lakini nilikaa nikisubiri neno moja tu juu ya mizani, zabuni na mafaili yanayokwama mezani mpaka yapate chochote, na halikuja. Na viti vya mbele walikaa watu ambao wote tunajua nyumba zao zimejengwa na nini. Tumekubaliana kimyakimya kwamba maadili ni mambo ya mwili wa kijana, na fedha ya mtu mzima ni siri yake na Mungu wake. Hayo si mafundisho tuliyopewa kwenye kipaimara. Tulikariri amri ya saba, usiibe, wote wawili. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, alipoifafanua mwaka 1529, kwenye ile Katekisimu Kubwa, hakuhangaika sana na mwizi wa kuku. Alisema wezi wakubwa ni wale wanaokaa vitini, wanaoitwa waheshimiwa na raia wema, huku wakiiba kwa sura ya haki. Nikisoma pale naiona ofisi yako, na ninaumia.

Unamkumbuka babu? Wewe ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka kikohozi chake tu. Alikuwa karani wa mizani, wakulima wakileta kahawa ya maganda yeye ndiye anayesoma uzito. Kilo moja hapa, mbili pale. Mkulima asiyejua kusoma angejuaje? Kisha Uamsho wa kiroho ukamkuta, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda mpaka kwetu Bukoba. Watu wa Uamsho walikuwa na jambo moja ambalo sisi tumeliacha njiani: aliyeokoka alirudisha. Walirudisha mashuka ya hospitali, majembe ya mwajiri, ng'ombe wa jirani. Bibi alinisimulia kwamba babu aliuza shamba la kahawa la chini, akanunua daftari, akaandika majina yote aliyoweza kuyakumbuka, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walilia. Mmoja alimfukuza kwa panga, kwa sababu mwaka ule wa kilo zilizopotea alikosa karo na mwanawe akaacha shule. Babu alirudi nyumbani, akarudi tena kesho yake.

Daftari hilo ninalo mimi. Kuna majina manne hayana alama, waliokufa bila ndugu anayejulikana. Kwa hao babu alifuata Hesabu sura ya 5: ungama, rudisha deni kamili, ongeza sehemu ya tano juu yake, na kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa kupokea, hapo ndipo inakwenda kwa kuhani.

Hapo ndipo. Si kabla. Nakuomba uusome mpangilio huo polepole, kwa ajili ya yale mabati. Siku ulipotoa mabati ya kuezekea kanisa nilipiga vigelegele kuliko mtu yeyote. Sasa najua, na naona ulianza mwisho. Mwanatheolojia Thomas wa Akwino aliliona jambo hili katika karne ya 13. Mali iliyopatikana kwa njia mbaya, alisema, haifanani yote. Ipo ambayo mtoaji na mpokeaji wote wametenda dhuluma, hiyo mpokeaji asiibakize wala asimrudishie mtoaji, aitoe sadaka. Lakini iliyo haki ya mtu mwingine, hiyo haifai kuwa sadaka hata kidogo, inarudi kwa mwenyewe. Nimejaribu kuiweka bahasha yako kwenye fungu la kwanza, kwa sababu ningependa mabati yatoshe. Haiingii. Mwenye fedha ile anajulikana. Anasoma darasa la pili. Hata wale makuhani wakuu walionunua damu ya Bwana walijua vipande vile vya fedha alivyorudisha Yuda haviwezi kuingia kwenye sanduku la hazina.

Utaniambia umeshatubu, na neema ni bure. Ni bure, nami naishi kwa hiyo. Yesu aliingia kwa Zakayo, yule mtoza ushuru, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Lakini alipokwisha kuingia, mali ya mle ndani ikaanza kutoka yenyewe: nusu kwa maskini, na kwa waliodhulumiwa mara nne. Hakuna aliyemdai. Siamini kwamba kurudisha kunanunua msamaha. Naogopa tu nyumba ambayo Bwana ameingia na kila kitu kimebaki mahali pake.

Wenzako ofisini wanakwambia mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Babu alifuga mbuzi. Kamba aliifunga ili mbuzi asiingie shamba la jirani.

Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Asiyekula pamoja na wenzake huitwa msaliti, na barua ya uhamisho haichelewi. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa na anayepokea, kwa hiyo usiende popote peke yako kwa jazba ya siku moja. Tumtafute wakili mcha Mungu. Mweleze mchungaji wako, faragha, akiwa amekaa, si mlangoni baada ya ibada. Shemeji yako amekubali tuuze kile kiwanja cha barabarani. Sakafu ile na ivunjwe, imwagwe upya, kwa saruji inayostahili.

Kuuza kiwanja si wema wangu. Miaka mitatu umemlipia binti yangu ada, na sikuwahi kukuuliza mshahara wa halmashauri unatosha vipi ada ya watoto wako na wa kwangu. Nilijua hesabu haikubali. Nilichagua kutoijumlisha. Usiku ule uliponiambia, nilichukua daftari la babu, nikafungua ukurasa mtupu wa nyuma, nikaandika jina la shule ile, na chini yake kiasi, muhula kwa muhula.

Nitakuja wiki ya kwanza ya Desemba, na daftari nitakuwa nalo. Ada ya muhula ujao nimekwisha kuipata, nimekopa kwenye kikundi chetu. Usitume.

Dada yako.