Wajina, mguu gani unatangulia?

Matema, Kyela
Jumapili jioni

Wajina wangu,

Kamwene! Najua mwezi huu huko Mafinga mnalala na soksi mbili mbili. Basi leo hizo soksi nimezitafutia kazi.

Umesema ukija likizo lazima nawe upande ule ubao wa wekibodi, wa kusimama juu ya maji huku boti inakuvuta kwa kamba, niliokutumia picha yake. Karibu sana. Ila kabla hujakata tiketi, nataka ujue mguu wako wa mbele ni upi. Usicheke. Mimi kwa kutojua hilo tu nilikunywa maji ya Ziwa Nyasa siku tatu mfululizo.

Ubao ni wa binamu yangu. Viatu vyake vimekazwa kwa skrubu juu ya ubao wenyewe, na alivikaza kwa kujipima yeye, mguu wa kulia mbele. Mtu wa namna hiyo wanamwita gufi. Anayetanguliza wa kushoto ni regula. Sikuuliza, nikatumbukiza miguu kama mtu aliyeazima kandambili za jirani. Boti inavuta, nainuka nusu, ubao unapinda, naingia majini kwa uso. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu ufukweni akasema nimesimama kama mtu anayesubiri gari la Ipinda. Siku ya nne binamu akaja na bisibisi, akageuza, kushoto kukawa mbele. Jaribio la pili nikasimama! Nikaiona milima ya Livingstone inanipita ubavuni, nikasahau hata kupiga kelele.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa soksi, tafuta sakafu ya sementi iliyopigwa nta, kimbia hatua tatu nne kisha jiachie uteleze. Mguu uliokwenda mbele ndio wenyewe. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza mtu hujishtukia. Au mwambie shemeji akusukume mgongoni siku usiyotarajia. Mguu utakaowahi kukukinga usianguke ndio wa mbele. Ukijua unasukumwa utachagua, na hapo hakuna jaribio. (Asikuvizie karibu na jiko la mkaa, tafadhali.) Watakuwepo wa kukwambia mguu unaopigia mpira ndio wa nyuma. Kwangu imekuwa kweli. Binamu anapiga kulia na anatanguliza kulia. Mimi naamini soksi.

Upana wa kusimama nao ni wako, usiige wa mtu. Ruka kutoka kwenye ngazi ya baraza, tua bila kujipanga, halafu chora kwa chaki pale nyayo zilipotua. Mara nyingi ni upana wa mabega au kuzidi kidogo. Zangu zilitoka sentimita 54, katikati ya wayo mmoja hadi katikati ya mwingine. Ukitanua sana magoti yanagoma kukunjika. Ukibana sana unayumba kama meza yenye mguu mfupi.

Kuna na pembe. Vidole vikielekea moja kwa moja kwenye ukingo mrefu wa ubao, hiyo ni sifuri. Kwa kuanzia nitakuwekea mguu wa mbele nyuzi 15 hivi kuelekea pua ya ubao, wa nyuma uwe sifuri. Halafu viatu vyote viwili nitavisogeza tundu moja kuelekea mkiani, ili uzito wako ukae karibu na mapezi ya nyuma chini ya ubao na pua isichimbe maji. Wanaojua hukaa katikati na kupanua nyayo zote mbili kama bata, kwa sababu wanataka kwenda kwa upande wowote. Sisi bado.

Majini kosa kubwa ni pupa ya kusimama. Unalala chali, ubao umekaa mkingamo mbele yako, magoti kifuani, mikono imenyooka, na visigino karibu na makalio. Boti ikianza, wewe tulia. Usivute kamba, wala usikimbilie kunyoosha magoti. Maji yenyewe yatakubeba, na ukishasimama ndipo uelekeze mguu wa mbele kwenye boti, mpini wa kamba uwe chini usawa wa nyonga ya mbele. Macho kwenye boti. Kila nilipotazama miguu yangu niliifuata huko huko chini.

Kwa anayeanza, kilomita 25 hadi 30 kwa saa zinatosha, kwa hiyo usiogope injini yetu inavyonguruma. Tunaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa kama mafuta. Baada ya saa nne upepo unaamka na hakuna wa kukuvuta. Jaketi la kujiokolea lipo, hilo halina mjadala hata kama unajua kuogelea. Na upande wa mdomo wa mto hatusogei. Kule kuna wenyewe, na wana meno.

Nitumie ujumbe mapema kunijulisha namba ya kiatu, sentimita za chaki, na mguu uliotangulia. Binamu akishaondoka na bisibisi yake kwenda Tukuyu harudi mpaka wiki iishe, nami skrubu zile nimeshaziharibu vichwa viwili.

Shemeji na watoto wasalimie.

Wajina wako