Baba alimdanganya mama mwisho wa picha

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo gazetini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu limeingia nyumbani kwetu tangu tukiwa wadogo, baba akimaliza kusoma mama analichukua kufungia vitumbua. Naandika kwa sababu juzi mlikuwa na ukurasa wa majumba ya sinema ya zamani hapa Dar, mkataja Avalon, Empire, Empress, Cameo, Odeon, New Chox na ile Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966. Ukurasa mzuri sana, nimeukata nimeuhifadhi. Ila jamani mmeandika majengo na waigizaji tu. Wale watu waliokuwa wanatoka kazini miguu imevimba wanakwenda kuangalia picha, hao hamkuwaandika hata mstari mmoja, na mimi wazazi wangu ni wa humo. Wote wawili wako hai, baba ana miaka 82 na mama 76, kwa hiyo naomba mnivumilie niwaelezee kwa urefu kidogo.

Baba alianza kazi kama utingo kwenye malori ya mafuta ya Zambia. Hiyo ni baada ya Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi wa kizungu, kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, Zambia ikakosa njia ya kupitishia mafuta, ikabidi yatoke bandari ya Dar kwenye mapipa juu ya malori, barabara ya vumbi kiangazi na masika ni matope matupu, wenyewe wakaiita barabara ya jehanamu. Baba anasema kazi ya utingo kwenye mlima ni kukimbia nyuma ya lori na gogo mkononi, lori likianza kurudi nyuma unalitupia gogo chini ya tairi, ukichelewa hakuna wa kumlaumu. Ana kovu kwenye goti la kulia mpaka leo. Bomba la mafuta la TAZAMA la kwenda Zambia lilipoanza kufanya kazi mwaka 1968 mapipa yakapungua, akarudi mjini akapata udereva wa pikapu kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Kisutu, akakaa naye miaka mingi. Kigujarati cha dukani alikipata hapo, na Kihindi cha kwenye picha alikipata hukohuko kwenye picha.

Mama alikuwa anauza vitumbua. Mtu akisikia vitumbua anaona kitu kidogo, asubuhi na chai unamaliza, lakini mchele unalowekwa jana yake, unatwangwa, nazi zinakunwa, na saa tisa usiku mama yuko jikoni kwenye moshi na chuma chake, mafuta yanamrukia mikononi, saa kumi na moja ameshajitwisha beseni anakwenda Kariakoo kwa miguu kutoka Ilala. Akirudi saa nne kuna kufua, kuna kupika, kuna sisi. Mwaka 1979 baada ya vita vya Kagera vitu vilipoadimika, sukari foleni, mafuta foleni, mchele hauonekani, tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano, mama hakukaa chini, alihamia mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Na mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi alikuwa na kilo tatu za sukari uvunguni, za biashara yake, akazigawa kwa majirani usiku uleule kwa woga. Mpaka leo akiona sukari kwenye duka imejaa shelfu nzima anasimama kidogo.

Sasa Jumamosi ya picha. Bosi wake baba alikuwa anamwachia pikapu alale nayo nyumbani kwa ajili ya mzigo wa alfajiri, na alimruhusu kabisa atutoe. Basi baba anaosha kule nyuma kulikokuwa na magunia ya vitunguu, mama anatandika mikeka miwili na godoro la sponji, wanapanda majirani na watoto wao, chupa ya chai, sambusa, karanga kwenye gazeti. Tukifika Drive-In (ilikuwa pale ambapo sasa hivi kuna ubalozi wa Marekani, kwa vijana wasiojua) baba anaingia kinyumenyume ili sisi wa nyuma tuitazame skrini, spika inaning'inizwa ubavuni mwa gari, na picha ikianza baba anasimama kwenye kona ya bodi anatafsiri. Hakutafsiri neno kwa neno, alikuwa anatuingiza ndani ya picha, mtu akilia baba sauti inashuka, adui akiingia anatwambia muangalieni macho huyo. Watu wa magari ya jirani walikuwa wanapunguza spika zao wamsikie yeye. Dereva wa pikapu ambaye mchana kutwa kazi yake ni kuambiwa peleka hapa shusha pale, usiku ule watu wamenyamaza wanamsikiliza.

Na mama? Mama alikuwa anasinzia. Hakuwahi kuona mwisho wa picha hata moja, nasema kweli, maana mtu aliyeamka saa tisa usiku ikifika saa nne usiku mwili unajizima wenyewe. Mapumziko yakifika anasema naenda kabini kunyoosha miguu, harudi. Baba ndiye aliyekuwa anammalizia hadithi njiani tunaporudi.

Mother India tuliiona mwaka 1977, tunajua kwa sababu mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu aliyezaliwa mwanzoni mwa 1978. Picha yenyewe ilitoka 1957 lakini huku kwetu ilikuwa inarudishwa na kurudishwa na watu wanajaa kama imetoka jana. Kwa ambao hawajaiona, kuna mwanamke anaitwa Radha, ameigiza Nargis, harusi yake imefanywa kwa mkopo wa Sukhilala mkopeshaji wa kijiji na deni haliishi mavuno na mavuno, mume anapondwa mikono na jiwe kubwa shambani, anaona aibu kuwa mzigo, anaondoka usiku harudi tena, mafuriko yanakuja watoto wanakufa, na Radha anabaki na wavulana wawili anavuta plau kwa mabega yake mwenyewe. Ramu mkubwa ni mpole. Birju mdogo ni moto, kila akiona mama yake anavyonyonywa anataka kisasi, anataka arudishe bangili za mama yake zilizokwenda kwa mkopeshaji.

Hapo kwa Birju ndipo mama yangu alipoingia mzima mzima. Kuna mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye mama ndiye aliyemlea baada ya bibi kufariki, akimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe ana miaka kumi na moja. Mjomba alikuwa mtu wa hasira na wa huruma kwa pamoja, alikosana na babu mwaka 1975, akazamia meli. Ilikuja barua moja tu, ina stempu ya Ugiriki, na baada ya hapo kimya mpaka leo. Mama alipomuona Birju mdogo anarusha mawe alisema kwa sauti kila mtu akasikia, "Huyu ni mdogo wangu kabisa." Halafu mapumziko yakafika, akaenda kabini.

Akaamka tumefika Magomeni. Cha kwanza akauliza, Birju aliishia wapi? Baba akabadilisha gia, akasema alirudi, mama yake alimsamehe, akarudi nyumbani.

Kesho yake bombani Mama Saidi jirani yetu ambaye alikuwa nyuma ya pikapu na macho makavu akamwambia mama umesikia wapi habari hiyo, Birju amekufa, mama yake mwenyewe kampiga risasi. Mama akakataa katakata. Akasema steringi wa picha hafi, na mume wangu ndiye anayejua Kihindi, wewe umeelewa nini pale? Wakabishana mpaka ndoo zikafurika. Ila baada ya siku mbili tatu Mama Saidi akaacha, akiulizwa anasema labda nilisinzia, na ikawa utani wa mtaa mzima, mtu akieleza jambo vibaya anaambiwa umesinzia kama Mama Saidi. Utani huo nimekua nao.

Mimi picha hiyo nilikuja kuiona tena kwenye deki miaka ya tisini, mwisho wake nikaujua. Mama akisimulia kwamba Birju alirudi nilikuwa nanyamaza, nikidhani ni kusahau, umri.

Sasa Idi iliyopita, siku ya pili, wajukuu wote wako nyumbani, nikanunua bando la kutosha nikaitafuta nikaiunganisha kwenye tivii. Wanangu wakaanza kulalamika ni ndefu, ni karibu masaa matatu, nikawaambia kaeni. Baba akakaa kwenye kiti chake. Nilimwambia usitafsiri kuna maandishi, hakunisikia, dakika kumi tu akaanza, sauti ileile imezeeka, na nawaambia ukweli wale watoto waliacha simu. Kijana wangu wa miaka 19 alikuwa anamuuliza babu huyu nani, yule kafanyaje. Baba akawaambia na lile analopenda kusema siku zote, kwamba Nargis wakati anaigiza bibi kizee alikuwa hajafika hata miaka thelathini, na kwamba moto uliwaka kweli pale wanapopiga picha na Sunil Dutt aliyeigiza Birju ndiye aliyeingia kumtoa, na mwaka 1958 wakaoana. Binti yangu akashika mdomo, "mama na mtoto?"

Mama hakusinzia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hana vitumbua vya kukaanga alfajiri, alikaa wima na mtandio wake mapajani tangu mwanzo. Radha alipofunga plau begani mama alijishika bega. Mimi nilikuwa namtazama yeye kuliko tivii. Tukafika kule Birju keshakuwa jambazi, anamuua mkopeshaji, anachoma vitabu vya madeni, anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake, na Radha amesimama njiani na bunduki. Hapo nikaona baba amenyamaza. Hakutafsiri tena. Risasi ikalia, Birju akateleza akaanguka, na mama yake akamkimbilia akamkumbatia, na mkononi mwa mtoto ziko bangili zina damu.

Mama akasema polepole, "Kumbe alimpiga."

Picha ikaisha, hakuna aliyeinuka. Mama akageuka kwa baba, wala hakuwa na hasira, akamuuliza kwa nini. Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, "Ulikuwa na mimba ya miezi saba, na barua ya mdogo wako ulikuwa unalala nayo chini ya mto. Ningekwambia nini, mama kamuua mtoto?" Mama akakaa kimya kidogo halafu akauliza, "Na Mama Saidi?" Baba akasema, "Mama Saidi nilimfuata jioni ile nikamuomba. Akasema sawa baba, nitakuwa nimesinzia."

Mhariri, Mama Saidi alifariki miaka tisa iliyopita. Amechekwa kwa utani ule miaka yote, akicheka na yeye, na hakuwahi kufungua mdomo. Mama alilia kwa ajili ya Mama Saidi kuliko alivyolia kwa ajili ya Birju. Kesho yake aliamka saa tisa usiku, nilisikia chuma cha vitumbua jikoni nikadhani naota, akakaanga sufuria nzima, na asubuhi nikampeleka Buguruni kwa binti wa marehemu. Walikaa uani peke yao saa nzima, walichozungumza sikukijua na sikuuliza.

Basi ombi langu ni hili. Mkiandika tena habari za sinema za zamani watafuteni hawa wazee, waliokuwa wanakata tiketi, waliokuwa wanauza karanga mlangoni, waliokuwa wanatafsiri nyuma ya pikapu bila kulipwa. Wengine wanaondoka kila mwezi. Baba yangu yuko tayari kuzungumza na mwandishi wenu siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, anakumbuka picha gani ilikuwa wapi na nani alikuwa amekaa wapi, na safari za Zambia atawaeleza pia mkimpa muda. Shangazi yangu wa Unguja naye ana yake kuhusu maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao pale mjini, wanavyokwenda na mabuibui yao, huyo mkimfungulia kalamu hamtamaliza siku hiyo.

Na kwa wasomaji, kama kuna mtu nyumbani ana picha ya kamera ya ile Drive-In ya Msasani, iliyopigwa ndani, magari yamejipanga na skrini inaonekana, naomba ailete hapo gazetini mtuonyeshe. Ni mama anayeiomba. Anasema kila alipokwenda kulikuwa kumeshaanza giza, na kila alipotoka alikuwa amelala.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam